Mgongo wako unaamka saa ngapi? Shajara ya mradi, Bukavu

Wiki ya 1

Bukavu ni mji wa migongo. Ukitoka nyumbani unapanda au unashuka, na mara nyingi kuna kitu umebeba. Mama wa mizigo wa soko la Kadutu anapitisha kamba kwenye paji la uso, gunia la unga linalala mgongoni, anainama kidogo, anaanza kupandisha. Kwa hiyo mtu akiingia kwetu na kusema mgongo unauma, jibu tunalo kabla hajaketi. Mgonjwa anasema mizigo. Muuguzi anaandika mizigo. Mimi ni kine, mtu wa mazoezi ya viungo, mgongo ndiyo kazi yangu, na nimeandika mizigo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Mradi huu wa kutafuta baridi yabisi ya uti wa mgongo umezaliwa na fishi moja, karatasi ya mgonjwa. Ni ya kijana seremala wa miaka 29. Kwa miaka 6 amekuwa akirudi kwetu, na kila mara fishi inasema yaleyale: maumivu ya kiuno, diklofenaki siku 5, apumzike. Hakuna aliyeandika saa. Safari hii nilimwuliza maumivu yanakuja saa ngapi, akaniangalia kama mtu aliyekuwa akilingoja swali hilo tangu zamani.

"Docta" (wananiita hivyo, nimechoka kukataa), "mimi naamuka saa kumi na mbili. Mugongo yangu inaamuka saa mbili."

Akaongeza kwamba siku ya Mungu ndiyo mbaya kupita zote. Siku ya kazi anapiga randa, jasho likimtoka mwili unafunguka. Siku ya Mungu anakaa kwenye benchi la kanisa, anarudi nyumbani anakaa tena, na jioni anainuka kitini kwa kushika ukuta kama muzee. Diklofenaki ilikuwa ikimsaidia kuanzia siku ya pili. Ikiisha siku ya tano, siku ya saba maumivu yamerudi yote. Na sisi kwa miaka 6 tulikuwa tukimwagiza apumzike.

Wiki ya 2

Tumekaa watu wanne: daktari, muuguzi wa mapokezi, mtu wa maabara na mimi. Daktari ameeleza upya ugonjwa wenyewe, maana wengine tuliusoma shuleni na kuuacha hukohuko. Ni baridi yabisi ya uti wa mgongo, spondilatriti kama wanavyosema wakubwa. Kinga ya mwili inawasha moto pale kano zinaposhikana na mfupa, hasa kwenye viungio viwili vinavyofunga uti wa mgongo na nyonga, vile vya sakroiliaki. Moto huo ukidumu miaka, mfupa mpya unaota mahali usipotakiwa na pingili zinaweza kushikamana. Unaanza ujanani, karibu daima kabla ya miaka 45. Ulaya penyewe, penye mashine zote, mgonjwa anangoja wastani wa miaka 7 hivi tangu maumivu ya kwanza mpaka ugonjwa utajwe kwa jina. Nilipolisikia hilo nilipumua kidogo, halafu nikaona haya kwa kupumua.

Nilikuja na maswali yangu matano, yale wanayotumia wataalamu kutenganisha maumivu ya moto na maumivu ya mzigo. Je, yalianza kabla ya miaka 40? Yalikuja polepole, bila siku unayoweza kuitaja? Ukijinyoosha na kutembea yanapungua? Ukipumzika hayapungui? Yanakuamsha usiku, na ukiinuka yanalegea? Manne yakiitikiwa, mtu huyo aletwe kwangu.

Muuguzi alinisikiliza mpaka mwisho. "Ndugu yangu, foleni iko inafika barabarani, na unataka niulize matano?" Akapendekeza lake moja la mlangoni: ukipumzika, mgongo unapona au unazidi? Anayesema unazidi ndiye apewe mengine manne ndani. Tumepokea lake. Ni bora kuliko langu na nimemwambia hivyo.

Wiki ya 3

Wiki hii yote imeliwa na tafsiri.

Kipimo tunachotaka kutumia kinaitwa BASDAI. Kilitungwa mjini Bath, Uingereza, mwaka 1994, na ni maswali 6 tu kuhusu siku 7 zilizopita: uchovu, maumivu ya shingo, mgongo na nyonga, maumivu au uvimbe wa viungo vingine, sehemu zinazouma zikiguswa, halafu mawili kuhusu kukakamaa kwa asubuhi, kwamba ni kukali kiasi gani na kunachukua muda gani. Kila swali linajibiwa kuanzia 0 mpaka 10. Hayo mawili ya mwisho unayatafutia wastani, unaujumlisha na manne ya kwanza, unagawa kwa 5. Ikifika 4 au zaidi, ugonjwa uko kazini. Hakuna mashine inayohitajika, ndiyo maana nakipenda.

Shida ya kwanza ilikuwa kukakamaa. Niliandika "ukakamavu wa asubuhi", nikamsomea mlinzi wetu wa geti kwa majaribio. Akasema, "Ndiyo, niko mukakamavu sana," na kifua akakitoa mbele. Kwake ukakamavu ni sifa ya askari. "Ugumu wa mgongo" nao haukufika: wagonjwa wawili walielewa kwamba nauliza kama mgongo wao ni imara. "Mgongo unakauka?" ulikaribia, ila mama mmoja aliniuliza kama nina maana ya ngozi, nikamweleza nisichokijua mwenyewe.

Mwishowe nimemwibia seremala maneno yake. Swali la 6 kwenye fishi yetu linasema hivi: wewe unaamka saa ngapi, na mgongo wako unaamka saa ngapi? Hakuna hata mmoja aliyeomba lirudiwe. Tofauti ya saa hizo mbili ndiyo jibu, na ikifika masaa mawili au kupita ni 10 kamili.

Shida ya pili sikuitarajia kabisa. Bibi mmoja anayetembea kwa fimbo alinipa 2 kwa maumivu. Kijana mzima mwenye kutegua mguu akanipa 9 na tabasamu. Nilihesabu upya, nikadhani nimegeuza karatasi. Kumbe wote walikuwa wakijibu kama shuleni. Kwetu sote tuliokaa darasani, 9 juu ya 10 ni kufaulu, na 2 ni kuanguka mtihani. Bibi alikuwa akinieleza kwamba mgongo wake umeanguka. Nikikumbuka maneno ya Kifaransa tuliyoyauliza hivyohivyo miaka yote, "kadiria maumivu yako juu ya kumi", nashindwa kujua ni fishi ngapi zimesomwa kichwa chini.

Sasa tuna kopo na maharagwe 10. Hakuna pointi, hakuna juu ya. Haragwe moja ni mzigo mmoja wa maumivu: chukua kadiri unavyobeba, weka mezani. Bibi aliweka nane, akafikiri, akaongeza moja.

Wiki ya 4

Mji ulifungwa siku tatu, hakuna piki wala soko. Hatukuona mtu. Nimepanga fishi.

Wiki ya 5

Fishi tuliyoinakili kutoka Ulaya ina mstari wa HLA-B27, kipimo cha damu cha alama ya urithi. Mtu wa maabara aliuliza kitatoka wapi na nani atalipa. Daktari akajibu swali jingine, lililo la maana zaidi. Kwa Wazungu, karibu watu 8 katika 100 wanayo alama hiyo, na wenye ugonjwa huu uliokomaa wanayo karibu 90 katika 100. Kwa Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara alama yenyewe ni adimu, haifiki hata 1 katika 100, na wagonjwa wetu wengi wanaumwa bila kuwa nayo. Gambia kuna Wafula wanaoibeba kwa wingi wa kutosha, na bado ugonjwa hauonekani kwao. Kwa hiyo hata tungepata fedha, jibu la "hana" lisingetuambia kitu. Nimechukua kalamu nikaufuta mstari. Ilikuwa raha.

Kilichobaki ni radio, picha ya mionzi. Seremala alileta bahasha tatu za radio za miaka hiyo, amezitunza vizuri ndani ya mfuko wa nailoni. Zote tatu ni za kiuno, pingili za chini, kwa mbele na kwa ubavu. Viungio vya sakroiliaki vimekatwa ukingoni. Tulikuwa tukipiga picha nyumba ya jirani. Daktari aliagiza moja tu ya nyonga kwa mbele, na pale pande zote mbili kingo zimeliwa na mfupa umekuwa mweupe kuzunguka, daraja la 3 kwa hesabu yake. Tangu sasa anayefaulu maswali (naandika "anayefaulu", tabia ya shule hiyo!) anapigwa radio ya nyonga moja, siyo ya kiuno tatu. Mwanamke anaulizwa kwanza kuhusu mimba.

Radio safi nayo haimtoi mtu kwenye daftari. Miaka ya mwanzo mfupa hauonyeshi kitu. IRM, ile mashine ya picha ya sumaku, ingeona moto mapema, ila sisi hatuna.

Hapo nitaje mama muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Maumivu yake yanahama, wiki hii kalio la kulia, wiki ijayo la kushoto, na kisigino kinamchoma asubuhi. Miaka minne aliambiwa ni uzazi. Radio yake ni safi. Nimemweka kwenye orodha, na muuguzi amesema kama angekuwa mwanaume tungemweka mwaka wa kwanza.

Wiki ya 7

Tumekaribia kukosea vibaya.

Kijana kutoka upande wa Walungu alipita maswali matano bila shida: umri mdogo, yalianza polepole, usiku hayalali, kupumzika hakusaidii. Muuguzi akamleta kwangu mbio, na mimi nikaanza kumpanga kwenye mazoezi. Nilipopitisha kidole kwenye uti wa mgongo, pingili moja katikati ilimrusha. Moja tu. Nikamwuliza kuhusu homa: kila jioni. Suruali yake ilikuwa imefungwa kwa kamba kwa sababu mkanda umebaki bila tundu. Miguu, akasema, imeanza kuwa ya mtu mwingine.

Huyo hakuwa wetu. Ni kifua kikuu cha uti wa mgongo, kile wanachokiita ugonjwa wa Pott, na kama ningemwinamisha kwa nguvu siku ile sijui ningejibu nini. Amepelekwa siku hiyohiyo, ameanza dawa.

Maswali yale matano yametoka kwenye nchi ambako kifua kikuu cha mfupa ni habari ya kitabuni. Hapa ndicho cha kwanza kukifikiria. Nimeongeza mistari juu kabisa ya fishi, kabla ya swali lolote: homa, kukonda, jasho la usiku, pingili moja inayouma ikigongwa, miguu kulegea, mkojo kukwama. Kimoja tu kikiitikiwa, mtu anakwenda kwa daktari, siyo kwangu. Daktari ameongeza swali la maziwa mabichi, kwa ajili ya bruselosi, ugonjwa unaotoka kwa mifugo, ambayo nayo hupenda kiungio cha sakroiliaki, mara nyingi upande mmoja. Mfugaji akishatajwa, tunauliza. Na kila mmoja anapimwa virusi vya UKIMWI, kwa kuwa vinaweza kuamsha baridi yabisi ya namna hii hata kwa asiye na alama yoyote ya urithi.

Wiki ya 8

Mgongo unapimwa pia kwa mkono. Ninachora mstari kati ya vile vishimo viwili vya kiuno, napanda sentimita 10, nachora wa pili. Mtu anainama bila kukunja magoti. Mgongo mzima unazivuta alama hizo zitengane sentimita 5 hivi zaidi. Wa seremala ulizivuta 3. Halafu anasimama visigino ukutani, anajaribu kugusa ukuta kwa kisogo. Mtu mzima anagusa, yeye amebakiza 4. Kifua nakizungushia futi, anatoa pumzi yote, anavuta yote, naandika tofauti.

Wiki hii watu watano wamerudi kupimwa, na wote watano kisogo kimekuwa mbali na ukuta kwa sentimita 1 zaidi. Vifua havijabadilika. Nilianza kutafuta sababu kubwa: baridi ya mvua, dawa bandia, uvivu wa mazoezi. Nikawasema kidogo, na najuta. Jioni muuguzi aliishika ile futi ya fundi nguo, akaipitisha kwenye vidole, akaniuliza, "Kile kichuma cha mbele kilienda wapi?" Kichuma kimeng'oka na kipande cha kitambaa. Futi yetu sasa inaanzia 1. Kifua ni hesabu ya kutoa, kosa linajifuta lenyewe. Ukuta siyo wa kutoa.

Tumenunua futi ya chuma ya maseremala. Aliyetushauri ni nani? Seremala mwenyewe, alicheka mpaka akashika kiuno.

Jambo jingine la kuandika kabla sijasahau: aliyepanda mlima kwa miguu kuja kwetu amekwisha kufanya mazoezi, mgongo wake umelainika njiani. Aliyeshushwa na piki getini ni mgumu. Tunaandika alikujaje na saa ngapi, na tunajaribu kumpima kila mara saa ileile.

Wiki ya 10

Kuwapata tena ndiyo kazi. Namba ya simu ni ya jirani, jirani amehama, au laini imebadilishwa kwa ajili ya promosheni. Tumeacha kutafuta namba moja, tunaandika tatu na jina la kanisa. Mgonjwa akiwa na shida anabipu mara mbili, sisi tunapiga. Nusu ya simu ninazopokea ni salamu tu, na sizichukii.

Shida ambayo haisubiri rendevu ni jicho. Jicho jekundu, linalouma, linalokimbia mwanga: karibu mgonjwa 1 kati ya 4 wa ugonjwa huu atalipata siku moja. Mama wa sambaza alikuwa nalo wiki iliyopita. Famasi ilimpa matone ya usaha, akasubiri siku nne. Alipofika mboni ilikuwa imeanza kushikana na lenzi nyuma yake, siyo duara tena. Daktari wa macho amempa matone ya kuzuia moto na ya kuipanua mboni, inaachia polepole. Bila jicho hilo ningeendelea kubishana na wenzangu kama kweli anao ugonjwa. Sasa hakuna anayebisha. Kwenye karti ya kila mtu tumebandika alama nyekundu: jicho, siku hiyohiyo.

Na deksa. Watatu kati ya wagonjwa wangu walikuwa wakinunua deksametazoni ya rejareja, vidonge viwili vitatu kila asubuhi, kwa sababu "inafungua mugongo". Inafungua kweli, hapo ndipo ubaya wake. Uso unavimba, watu wanamsifia kwamba amenenepa, sukari inapanda, na mfupa ambao tayari ni dhaifu unazidi kuliwa. Kwa ugonjwa huu wa uti wa mgongo haipendekezwi kutumiwa muda mrefu. Nilitaka kuwaambia waache palepale, daktari akanizuia: aliyeitumia miezi, mwili wake umesahau kutengeneza ya kwake, akikata ghafla anaweza kuanguka. Anawapunguzia kidogo kidogo.

Dawa yetu ya msingi inabaki ibuprofeni au ndugu zake kwa kipimo kamili, na ya kwanza ikishindwa, ya pili, kabla ya kusema zimeshindwa. Presha, figo na tumbo vinaangaliwa. Adalimumabu, ile sindano inayozuia moto wenyewe, imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2019. Kwenye kabati letu haimo.

Wiki ya 13

Seremala amerudi kwa kipimo cha miezi mitatu. Alikuja kwa miguu, saa tatu, kama mara ya kwanza. Mwanzoni maharagwe yake yalikuwa 6, 8, 2, 5, halafu 8 na 10 kwa asubuhi, yaani BASDAI ya 6. Leo ameweka 4, 4, 1, 3, na kwa asubuhi 4 na 2. Ni 3 kamili, nusu ya ile ya mwanzo. Mgongo wake unaamka saa kumi na mbili na nusu hivi. Analala kifudifudi dakika 15 kila jioni kwenye jamvi, na siku ya Mungu anasimama nyuma ya kanisa, amewaambia wazee wa kanisa ni agizo la hospitali.

Alama za kiuno bado zinavutwa sentimita 3. Ukuta bado 4, kwa futi ya chuma. Nimemwonyesha namba zote mbili, zilizoshuka na zilizokaa, kwa sababu aliuliza.

Muuguzi wa kituo kimoja cha Bagira ameomba nakala ya fishi. Nilikuwa namtayarishia na kopo lake, nikamwaga maharagwe yetu mezani ili nimhesabie 10 yanayofanana nayo. Yetu yako tisa. Nimetafuta chini ya meza, kwenye droo, kwenye mifuko ya koti. Sasa napitia fishi moja moja kurudi nyuma, natafuta ni lini mgonjwa wa mwisho aliweka kumi.